Shangazi Kumbe Anakuchagulia Mchezo

Shangazi yangu alipewa jina zuri tu na wazazi wake, lakini ukienda ukumbini ukalitaja, watakuuliza unamtafuta nani. Pale anaitwa Kumbe. Mlinzi anamwita Kumbe, waigizaji wanamwita Kumbe, na mwenye ukumbi, mzee mkavu asiyetania hata na wajukuu zake, siku moja aliteleza akamwita "Dada Kumbe" mbele ya wageni waliovaa suti.

Jina lilimganda hivi. Kulikuwa na mchezo wa bwana mmoja mwenye wivu aliyebandika masharubu ya bandia, akaenda kuajiriwa upishi nyumbani kwake mwenyewe ili amchunguze mkewe. Watazamaji walijua tangu pazia linafunguliwa kwamba mpishi ndiye mume. Hiyo ndiyo raha yenyewe ya mchezo. Ikafika karibu na mwisho, jukwaa kimya, ukumbi kimya, mume anabandua masharubu polepole na mke amempa mgongo. Nyuma kabisa, karibu na mlango, sauti ikatoka gizani: "Kumbe ni mumewe!"

Mwigizaji akabaki na masharubu mkononi. Akatazama kule nyuma, akasema, "Dada, wenzako wanajua tangu mwanzo."

Watu walicheka mpaka yule mke wa jukwaani akalazimika kukaa chini. Na mimi, kama mpwa mwenye adabu zake, nikatengeneza stika ya uso wa shangazi imeandikwa KUMBE, nikaitupia kwenye kundi la familia kabla hajafika nyumbani. Mpaka leo mtu akichelewa kuelewa jambo mle kundini, anarushiwa uso wa shangazi.

Lakini tumtendee haki. Shangazi si mzito wa kuelewa. Shida ni kazi yake. Yeye ndiye anayekaa kwenye dirisha la tiketi, na watu wa mji wetu kufika kwa wakati hawawezi. Mchezo umeshaanza, mtu ndiyo kwanza anashuka kwenye pikipiki anajifuta vumbi. Kwa hiyo mwenye ukumbi alitoa amri: dirisha lisifungwe mpaka mapumziko. Shangazi anauza tiketi mpaka kengele ya mapumziko, anafunga, anaingia, anasimama nyuma anaona nusu ya pili. Mazoezini ndiyo usiseme, mwongozaji hataki mtu, hata paka wa ukumbi hufukuzwa. Yaani miaka yote hiyo shangazi hajawahi kuona mwanzo wa mchezo wowote. Anaingia kwenye kila mchezo kama mtu aliyekuta majirani wanagombana. Lazima akisie mwenyewe nani alianza.

Sasa cha kuchekesha ni kwamba huyo huyo ndiye mji mzima unamtegemea kuchagua mchezo wa kuona. Ijumaa kuna mchezo mmoja, Jumamosi mwingine, Jumapili mwingine, na watu hawasomi mabango. Wanakuja dirishani kwa shangazi kama wanavyokwenda dirishani kwa mwuza dawa. Na yeye hakuulizi unapenda mchezo gani. Anakuuliza umekuja na nani.

"Nimekuja na mke wangu."

"Yuko wapi?"

"Yule pale, kwenye nguzo."

"Mbona kasimama mbali hivyo?"

"Ah, ana... anapunga upepo."

"Baba, huyo hapungi upepo, huyo amenuna. Leo usiingie. Leo kuna mchezo wa talaka, mtatoka kila mtu na njia yake. Njooni Jumapili, kuna wapangaji wawili wanaogombea bafu. Atacheka kabla hajakumbuka kwamba amenuna."

Siku nyingine alikuja bwana peke yake, tai imekunjwa imetiwa mfukoni, ncha inachungulia. Shangazi akamwangalia tu.

"Bosi?"

"Umejuaje?"

"Ingia leo. Kuna mkurugenzi anakalia keki."

Yule bwana alitoka analia kwa kicheko, akarudi Jumamosi iliyofuata na ofisi nzima, kasoro bosi. Wateja hawakujua kwamba shangazi anachagua kwa kuangalia nusu tu. Ukimuuliza mchezo unaanzaje, anakujibu bila kupepesa macho, "Unaanza taratibu, kisha unakolea." Na kweli, mchezo gani hauko hivyo?

Ndivyo alivyompata Bwana Mita. Huyu ni msoma mita za maji, mtu mrefu, mpole, kofia imemkaa kichwani kama ameazimwa. Mita ya ukumbi iko nyuma ya kibanda cha tiketi, kwa hiyo ili kuisoma ilibidi ainame karibu na miguu ya shangazi na kuomba radhi. Aliomba radhi sana. Mlinzi anasema hajawahi kuona mita inayosomwa mara nyingi namna ile.

"Wewe unafukuzwa na mbwa za watu kutwa," shangazi akamwambia, "usije ukaona kitu cha kuhuzunisha. Jumamosi kuna daktari wa meno anayeogopa damu. Njoo."

Akaja. Hakucheka hata kidogo. Shangazi, aliyesimama nyuma anamchungulia, akasononeka kabisa. Kesho yake asubuhi Bwana Mita alikuwa kwenye pikipiki yake barabarani, mchezo ukamfikia, akacheka peke yake mpaka akasimamisha pikipiki pembeni. Akageuza, akaenda dirishani kumweleza. Ndiyo mambo yakaanza hapo.

Kwa shangazi hili halikuwa jambo dogo. Alikuwa ameshachoka kwenda kwenye harusi za watu akiulizwa "na wewe lini?" na watu wenye pilau mdomoni. Alishaanza kuwajibu, "Nikishiba." Sasa amempata mtu anayemtaka na yeye anamtaka, na kikwazo kimebaki kimoja, mama mtu.

Bwana Mita anaishi na mama yake. Huyu nitamwita Bibi, maana ndivyo ninavyomwita. Enzi zake alikuwa opereta wa simu, zile za kuomba uunganishwe. Miaka mingi alikaa na vipokea sauti masikioni akisikiliza mji mzima ukidanganyana, kwa hiyo humdanganyi. Alishawakataa wachumba wawili wa mwanawe. Mmoja alifungua friji bila kuuliza. Wa pili alikaa sebuleni akasema, "Hapa kiti hiki kingekaa kule." Bibi akamsindikiza mpaka getini kwa heshima zote.

"Mama akikubali, tunaoana," Bwana Mita alimwambia shangazi. "Asipokubali, mimi siwezi kumwacha, wala siwezi kumburuta."

"Nyumbani kwenu nikija nitaogopa hata kunywa maji," shangazi akasema. "Na kwangu jikoni sitambi, unajua. Mlete ukumbini. Mchezo nitamchagulia mwenyewe."

Akachagua "Ufagio wa Mama". Ulikuwa mpya, mimi sikuwa nimeuona, Bwana Mita pia. Shangazi alikuwa ameuona Jumamosi iliyopita, yaani nusu yake. Alivyotusimulia ungedhani umetungwa kwa ajili ya Bibi: mama mzee mwenye nguvu zake, amejifunga shuka jeupe, anawakimbiza wanawe watu wazima nyumba nzima na ufagio, anamtandika mmoja mmoja, mwisho wote wanapiga magoti kuomba radhi. Shuka je? Shangazi alishalipatia maelezo: mama alikuwa anafua, wageni wakamkuta katikati.

Jumamosi iliyofuata alasiri Bibi akafika, amevaa gauni la bluu na mkoba umeshikwa mbele kama ngao. Shangazi akampa tiketi kwa mikono miwili. Wakasalimiana vizuri. Bibi akaangalia kibanda, akaangalia shangazi, akasema tu, "Pasafi." Kwa Bibi hiyo ni hotuba. Mimi nikapewa kazi ya kukaa naye ndani na kuripoti kwa simu.

Taa zikazimwa, pazia likafunguliwa. Jukwaani kuna kitanda, na kitandani kuna mama mgonjwa.

"Amecheka?" shangazi akaandika.

"Bado. Mbona kuna mgonjwa?"

"Mgonjwa gani?"

"Mama wa ufagio. Hali yake mbaya."

"Atapona. Baadaye yuko imara sana."

Wanawe wakaingia jukwaani. Wakaanza kugawana vitu mama akiwa bado anapumua. Huyu friji, yule cherehani. Mtoto wa kiume alikuwa na mchumba, mrembo, mwenye viatu vya kulia ko ko ko. Yule mchumba akatoa utepe wa kupimia, akapanda kwenye kiti, akaanza kupima dirisha la chumba cha mama kwa ajili ya mapazia mapya. Mama anakohoa chini yake. "Mama, usikohoe, unatikisa kiti," mchumba akasema.

Watu ukumbini hoi kwa kicheko. Nikamtazama Bibi kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekaa wima kabisa, na mkoba ameusogeza mpaka kifuani. Bwana Mita upande wa pili alikuwa anateremka taratibu kwenye kiti, kofia ndiyo iliyobaki juu.

"Shangazi," nikaandika, "amekufa."

"MKWE?"

"Wa jukwaani."

"Ah, umenishtua. Sasa?"

"Wamemfunika shuka jeupe. Wanawe wanacheza muziki."

"Kwa nini wanacheza?"

"Kwa sababu amekufa."

Simu ikaonyesha kwamba anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena anaandika. Ikaacha. Kengele ya mapumziko ikalia, pazia likafungwa juu ya maiti na mchumba aliyekuwa anacheza na utepe wake shingoni.

Bibi alisimama kabla ya taa kuwaka. "Kijana," akamwambia mwanawe, "nitafutie gari."

Tukatoka kwenye ukumbi wa mbele, pale penye kaunta ya soda na lile benchi refu la mbao. Shangazi alikuwa ameshafunga dirisha, anakuja mbio, tabasamu limekaa usoni lakini macho yanauliza.

"Mama, pole na... umeuonaje?"

"Nimeuona," Bibi akasema. Hakupandisha sauti. "Swali langu moja, binti. Ulitaka nicheke wapi? Pale nilipokufa, au pale ulipopanda kwenye kiti kupima mapazia yangu?"

Foleni ya soda ikageuka kutazama. Na katika foleni ile walikuwemo wateja wa shangazi, watu aliowachagulia michezo miaka na miaka. Yule bwana wa tai alikuwa wa tatu, na tai yake shingoni siku hiyo.

"Mama, mimi sikujua," shangazi akasema.

"Hukujua. Unauza tiketi za mchezo, umeuchagua wewe mwenyewe, umenitumia mwanangu anilete, halafu hukujua. Mimi nimesikiliza watu kwenye simu tangu hujazaliwa. Kama ulikuwa na ujumbe kuhusu chumba changu, ungenipigia."

Shangazi angeweza kusema lolote. Angeweza kumsingizia mwongozaji, kwamba ameubadilisha mchezo jana. Nilimwona anatafuta uongo, na nikamwona anauacha.

"Mama, mimi sijawahi kuona mwanzo," akasema. "Wa mchezo huu wala wa mchezo wowote. Nafunga dirisha wakati wa mapumziko. Huwa naona nusu ya pili tu."

Bwana wa tai akasema, "Ha?"

"Hata ule wa mkurugenzi?" mwingine akauliza.

"Hata ule. Sijui ile keki ilifikaje kwenye kiti."

Bibi akamtazama kwa muda. Ni mtazamo wa opereta anayesikiliza kama laini ina mtu au haina. "Haya," akasema. "Kama hujaona mwanzo, hiyo nusu ya pili uliona nini?"

"Mama mzee imara, kajifunga shuka jeupe."

"La nini?"

"Si alikuwa anafua, Mama? Wageni wakamkuta."

Bibi akafunga macho. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, na Bwana Mita naye akadhani hivyo, akavua kofia. Lakini Bibi alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti cha mtu aliyefanya kazi miaka mingi mahali pasiporuhusiwa kucheka.

"Anafua," akasema. "Sanda ya watu, mwenzetu kaiona nguo za kufua." Akaketi kwenye benchi, akapiga mbao kwa kiganja. "Kaa hapa. Kaa, nikueleze."

Na hapo ndipo tulipojua Bibi ni nani. Alimsimulia nusu ya kwanza yote, na sauti zao. Alikohoa kama mama mgonjwa. Alipomwigiza binti mkubwa alibana pua, alipomwigiza mtoto wa kiume alilegeza midomo, na alipofika kwa mchumba aligongesha kisigino sakafuni, ko ko ko, akatoa kamba ya mkoba wake akaanza kupima hewa. "Mama, usikohoe, unatikisa kiti." Foleni ya soda ikavunjika ikawa duara. Kengele ya kurudi ndani ikalia, hakuna aliyesogea. Ikalia tena. Mwongozaji akatoka mwenyewe, jasho linamtoka.

"Jamani, tumeshaanza. Mama amefufuka mbele ya viti vitupu."

"Subiri kwanza, baba," Bibi akamwambia bila kumtazama, "bado sijafa."

Mwongozaji, ambaye hataki hata paka, akasimama akasikiliza mpaka mwisho.

Bibi alipomaliza, shangazi alikuwa amekaa na mikono mashavuni. "Kumbe wale watoto ni wabaya hivyo," akasema. "Mimi nilikuwa nawaonea huruma kwa vile wanavyopigwa."

"Umesema wanapigwa?"

"Wanapigwa, Mama. Hakufa yule. Alijisingizia."

"Anaanza nani kupigwa?"

"Mchumba."

Bibi akasimama, akanyoosha gauni. "Kijana, achana na gari," akamwambia mwanawe. "Tunaingia."

Waliingia wameshikana mikono, Bibi na shangazi, na siku hiyo shangazi hakusimama nyuma. Nusu ya pili ikaanzishwa upya tangu pazia. Kila mtu alipotandikwa, Bibi alimgusa shangazi kwa kiwiko, akimnong'oneza huyo alifanya nini. Mchumba alipokula ufagio wa kwanza, Bibi alisema "mwongeze" kwa sauti ya kusikika mstari wa mbele, na yule mama wa jukwaani, Mungu ambariki, akamwongeza.

Tulipotoka nje jua lilikuwa bado halijazama. Bibi alisimama kwenye ngazi, amemshika shangazi mkono ili ashuke, kisha akawa hashuki.

"Niambie ukweli. Katika michezo yote, kwa nini ulinichagulia huu?"

Shangazi akafikiri. "Niliona mama mzee ambaye hakuna mtu anaweza kumsogeza nyumbani kwake. Nikasema huyo mtapendana."

Bibi akautundika mkoba wake begani. Alishuka ngazi moja, ya pili, akafika chini. Halafu akamgeukia mwanawe, aliyekuwa amesimama na kofia mkononi kama anasubiri kusomewa hukumu.

"Wewe unangoja nini hapo? Nenda kwa kaka zake ukaseme neno lako. Na huo woga uvue, nyumba ina vyumba vya kutosha."

Bwana Mita akavaa kofia yake. Alicheka Jumatatu.

Siku hizi Bibi anakuja kila wiki. Anakaa ndani nusu ya kwanza, mapumziko anatoka anakaa benchini, anamsimulia mkwewe, halafu wanaingia pamoja. Watu wamejua. Wapo wanaochelewa makusudi, hawaoni mwanzo jukwaani, wanangoja wa Bibi. Waigizaji wamekasirika kidogo kwa sababu wanasema kukohoa kwake ni kuzuri kuliko kwao. Na wateja hawakumkimbia shangazi. Bwana wa tai alisema nusu ya pili ilimtosha, akaomba achaguliwe mchezo wa kumpeleka bosi. Shangazi alimtazama sana, akamwambia, "Ngoja nimuulize mama kwanza unaanzaje."

Mkija mjini kwetu, basi, msisome bango. Nendeni dirishani mseme mmekuja na nani, na kama mmenuniana semeni pia, atajua tu. Mwenye mkwe mpya aombe ule wa wapangaji na bafu, hauna maiti mwanzoni wala mwishoni, Bibi amehakikisha. "Ufagio wa Mama" muuone mkiwa na mama zenu wenyewe, mkae upande ambao mkono wake haufiki.

Haya, mimi nimewaanika watu wangu, na shangazi akisoma hapa nitalala njaa. Sasa semeni na nyinyi. Nani alimpeleka mtu wa maana kwenye mchezo, akatamani sakafu ipasuke? Mlimpeleka nani, jukwaani kulikuwa na nini, na mliongeaje njiani kurudi nyumbani? Andikeni hapo chini, tena msifupishe. Bibi ameniomba nimsomee zote, na anataka na sauti za wahusika.